Koleji ya Kikatoliki Ndani ya Chuo Kikuu Kisicho cha Dini

Somo la familia. Kabla ya kusoma, fungueni Kitabu cha Danieli, sura ya 1 yote.



Jumapili moja baada ya Misa, tukiwa tunaosha vikombe vya chai ukumbini, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake amepata nafasi chuo kikuu hapa London, na kwenye barua limeandikwa jina la koleji atakayokuwa. Mtu amemwambia kwamba koleji hiyo ni ya Wakatoliki. Alifurahi mpaka akapiga simu nyumbani Moshi. Halafu binti akaenda siku ya kutembelea chuo, akarudi akasema, "Mama, mbona kule kuna watu wa kila dini, na wengine hawana dini kabisa?" Basi mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia majibu ya vipimo: "Dada, sasa hicho ni chuo cha Kanisa au si cha Kanisa?"

Nilimjibu harakaharaka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Kwa kuwa nyumba nyingi kati yetu zina kijana anayemaliza sekondari, nimeona nilitafute jibu lenyewe, tulisome pamoja.

Tuanze na neno, maana hapa Uingereza linatuchanganya. Kijana wa miaka 16 anakwenda "koleji" kufanya A-level. Fundi bomba anasomea koleji. Chuo kikubwa kama King's nacho kinaitwa koleji. Halafu kuna koleji iliyo ndani ya chuo kikuu, kama chumba ndani ya nyumba kubwa. Ina jina lake, historia yake, mabweni yake, mara nyingi na kikanisa chake, lakini anayefundisha, anayetahini na anayetoa shahada ni chuo kikuu. Waliosoma Makerere wafikirie mabweni ya pale, Mary Stuart au Livingstone, kisha waongeze juu yake asili ya dini. Si sawasawa kabisa, ila itasaidia.

Binti wa yule mama anakwenda University of Roehampton, kusini-magharibi mwa London, na koleji yake ni Digby Stuart. Chuo kikuu hicho kina koleji nne, kila moja na wazazi wake. Whitelands ilianzishwa mwaka 1841 na Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana. Southlands ni ya Wamethodisti, mwaka 1872. Digby Stuart ilianzishwa mwaka 1874 na masista wetu wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Froebel, ya mwaka 1892, haina kanisa. Inabeba jina la Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea. Zote nne zilikuwa vyuo vya ualimu. Mwaka 1975 ziliungana kuwa taasisi moja, na mwaka 2004 taasisi hiyo ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Chuo kikuu chenyewe si cha dhehebu lolote, na hakimdai mwanafunzi cheti cha ubatizo.

Kwa hiyo koleji ni ya Wakatoliki kwa asili na kwa urithi, chuo kikuu si cha dini, na wanafunzi ni mchanganyiko. Anayetaka chuo kikuu kizima chenye msingi wa Kikatoliki hapa London kipo pia, St Mary's kule Twickenham, kilichoanza mwaka 1850. Hata huko, usitegemee kwamba kila aliyekaa darasani anajua kusali Rozari.

Sasa tuwatazame masista, kwa sababu habari yao inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kueneza shule za msingi nchi nzima. Wakatoliki wa London wakati huo wengi wao walikuwa Waairishi, wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wakiwemo waliokimbia njaa kubwa ya miaka ya 1840. Walibeba mizigo bandarini, walijenga reli, walifanya kazi za ndani. Watoto wao walikuwa wengi na shule zao chache. Askofu Mkuu wa Westminster, Henry Manning, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alitarajiwa ajenge kanisa kuu. Akaona watoto wasome kwanza. Lile kanisa kuu la matofali mekundu pale Victoria, tunapokwenda kwa ibada kubwa, lilianza kujengwa mwaka 1895, miaka mitatu baada ya Manning kufariki.

Shule zinahitaji walimu, na hapo ndipo masista walipoingia. Chuo chao kiliwaandaa wasichana Wakatoliki kuwa walimu wenye cheti kinachotambuliwa na serikali. Naomba hili tulishike. Koleji hii haikuanzishwa ili kuwaficha wasichana wasionekane na dunia. Ilianzishwa ili wapate sifa zilezile wanazopata wengine, kisha waende kuwafundisha watoto wa wahamiaji maskini. Kilihamahama ndani ya London, na mwaka 1946, baada ya vita, kikatua Roehampton, mahali palipokuwa na konventi ya masista iliyopigwa mabomu.

Jina lake linatokana na masista wawili walioliongoza Shirika lao duniani kote, Mabel Digby na Janet Erskine Stuart. Huyu wa pili ananigusa. Alizaliwa mwaka 1857, binti wa mchungaji wa Kianglikana, na mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Alipokuwa na miaka kama 13, kaka yake alimwambia kwamba kila kiumbe mwenye akili lazima awe na lengo la mwisho la kuishi. Neno hilo halikumtoka. Alilitafuta lengo hilo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1879 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Sisi wenye mabinti wa miaka 13 tunajua maswali yao. Mengi tunayafunga kwa "nenda kamalize homework kwanza."

Nikiri kitu kingine kilichonishangaza nilipofuatilia habari hii. Nilidhani vyuo visivyo vya dini ndivyo vilivyowafungia Wakatoliki mlango. Ilikuwa kinyume. Kwa karne kadhaa, Oxford na Cambridge, vyuo vya kidini kabisa, vilimtaka mwanafunzi akubali imani ya Kanisa la Uingereza ndipo apate shahada. Mkatoliki hakuweza, Myahudi hakuweza, hata Mprotestanti asiye Mwanglikana hakuweza. Mwaka 1826 kikaanzishwa chuo hapa London, mtaa wa Gower Street, kisichomuuliza mtu dini yake. Leo kinaitwa UCL. Watu wa dini walikikejeli kwamba ni chuo kisicho na Mungu, na Waanglikana wakaanzisha King's mwaka 1829 kushindana nacho. Mwaka 1836 ikaundwa University of London kwa ajili ya kutahini na kutoa shahada. Kwa hiyo Mkatoliki wa hapa alipata nafasi ya shahada kwa mlango uliofunguliwa na watu waliosema dini isiulizwe. Oxford na Cambridge zililegeza masharti kwa shahada ya kwanza miaka ya 1850, na sheria ya mwaka 1871 ikaondoa mengi ya yaliyobaki. Na ndipo maaskofu wetu wenyewe wakasita! Hadi mwaka 1895 familia za Kikatoliki zilikuwa zikizuiwa na maaskofu kupeleka vijana huko, kwa hofu ileile ya yule mama wa kwenye vikombe.

Hofu hiyo wazazi wetu nao waliijua. Waliosoma Makerere miaka ya 1950 walipewa shahada za University of London bila kukanyaga London. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama koleji ya University of London, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alisoma Makerere, chuo cha serikali ya kikoloni, kisha Edinburgh. Vyote viwili havikuwa vya Kanisa. Alibatizwa mwaka 1943, mwaka uleule alioanza Makerere. Kwake, chuo na maji ya ubatizo vilikuja pamoja.

Lakini jina la Kikatoliki likiandikwa mlangoni, halijaandikwa milele. Kuna koleji nyingine iliyokuwa hapa London ambayo wengi wetu hatukuisikia mpaka ikafa. Iliitwa Heythrop.

Heythrop ilianzishwa na Wajesuiti Waingereza mwaka 1614, si Uingereza bali Louvain, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, kwa sababu nyumbani padre alikuwa akikamatwa ananyongwa. Ikahamia Liège. Vita vya Mapinduzi ya Ufaransa vikaifukuza huko, ikarudi Uingereza mwaka 1794, upande wa Lancashire. Mwaka 1926 ikawa Heythrop, kijijini Oxfordshire, ndipo ikapata jina hilo. Mwaka 1970 ikaingia London, na mwaka 1971 ikawa rasmi sehemu ya University of London. Aliyeiongoza wakati huo ni Padre Frederick Copleston, yule aliyejadiliana na Bertrand Russell kwenye redio ya BBC mwaka 1948 kuhusu kuwapo kwa Mungu. Ilifundisha falsafa na teolojia tu. Na haikuwa ya waseminari peke yao. Walei waliingia, wanawake waliingia, wasio Wakatoliki waliingia, na shahada yao ilikuwa ya University of London kama ya mtu mwingine yeyote. Tangu mwaka 1993 ilikuwa Kensington Square.

Mimi nilikuwa nikifanya zamu za usiku upande ule wa London. Asubuhi nilipita na basi Kensington High Street, hatua chache tu kutoka pale, nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye dirisha. Sikujua kama ipo.

Mwaka 2012 ada za vyuo Uingereza zilipandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Koleji ndogo ya masomo mawili, yenye gharama za kuendesha mambo yote ambayo chuo kikubwa kinagawana kwa maelfu ya wanafunzi, haikuweza kuhimili. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba itafungwa. Mazungumzo ya kuungana na St Mary's hayakuzaa kitu. Masomo yaliisha mwaka 2018, na Januari 2019 ikafungwa rasmi. Wafalme waliowanyonga mapadre hawakuiweza, majeshi ya Ufaransa hayakuiweza; iliyoiweza ni hesabu ya wanafunzi na pesa. Wajesuiti bado wanatoa kozi katika London Jesuit Centre, Mount Street, karibu na kanisa lao la Farm Street, na ninawasihi mnaopenda kusoma mkatazame. Ila koleji ndani ya chuo kikuu, ile nafasi iliyotafutwa kwa miaka mingi, haipo tena.

Sasa turudi kwenye Biblia. Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria ni vijana wa wahamiaji, na si wahamiaji wa hiari. Wanapelekwa Babeli, wanaingizwa katika chuo cha mfalme. Angalieni muda wa masomo yao: miaka mitatu, kama shahada za hapa. Mtaala ni maandiko na lugha ya Wakaldayo. Hata majina wanabadilishiwa. Danieli anaitwa Belteshaza. (Na watoto wetu wangapi wamekata majina yao ili mwalimu aweze kuyatamka?)

Kinachonishangaza ni mambo ambayo Danieli hakuyakataa. Hakukataa masomo. Hakukataa lugha. Hatusomi kwamba aligombana kwa ajili ya jina. Alichagua jambo moja la kulishikilia, meza, na hata hilo hakulidai kwa fujo. Alimwomba msimamizi siku kumi za majaribio, mboga na maji, kisha watazamwe. Na mwisho wa miaka mitatu mfalme anawakuta wamewapita waganga na wachawi wake wote mara kumi. Walifaulu masomo ya Babeli wakiwa bado ni watu wa Yerusalemu.

Jambo jingine ambalo tunalipita haraka ni kwamba walikuwa wanne. Danieli hakuila ile mboga peke yake chumbani.

Kwa maoni yangu, koleji kama Digby Stuart inaweza kumpa mtoto wako hicho tu, meza. Inampa kikanisa anachoweza kuingia bila kupanda basi, mlezi wa kiroho ambaye jina lake liko mlangoni, urithi wa masista unaokumbukwa ukutani, na pengine wenzake watatu. Haimlazimishi kukaa. Chuo kikuu hakitahesabu nani amekuja Misa, wala hakitampigia simu mama. Na mtoto asiye na koleji ya namna hiyo, aliye UCL au kwingineko, meza anayo pia kama ataonyeshwa ilipo. Nyumba ya Kanisa ya kuwalea wanafunzi wa vyuo vya London, Newman House, iko Gower Street, mtaa uleule wa chuo kilichoitwa kisicho na Mungu.

Niseme nililoliona mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uuguzi hakuna mhadhiri aliyeishambulia imani yangu. Hakuna aliyenicheka kwa rozari niliyokuwa nayo mfukoni. Iliyonitoa kanisani ilikuwa ratiba. Mazoezi ya wodini yalikuwa zamu za saa kumi na mbili na zaidi, na Jumapili ni siku kama siku nyingine. Nikakosa Misa ya kwanza kwa sababu ya zamu, ya pili kwa uchovu, ya tatu kwa aibu ya zile mbili. Ikawa miezi saba. Nyumbani nilikuwa nikiulizwa kila wiki, "Masomo yanaendeleaje?" Kanisani kwangu hakuna aliyeuliza chochote, na siwalaumu, mimi mwenyewe nimefanya hivyohivyo kwa vijana wengine tangu hapo. Aliyenirudisha ni muuguzi mmoja Mfilipino, mtu mzima, tuliyekuwa wodi moja. Wakati wa chakula aliniuliza umesali lini mara ya mwisho. Nikababaika. Akasema kuna Misa ya Jumapili jioni, saa kumi na mbili na nusu, baada ya zamu ya mapema tunaiwahi. Jumapili hiyo akanisubiri kwenye mlango wa stesheni, ana sambusa zao zile kwenye mfuko.

Kwa hiyo nilimrudia yule mama nikamwambia: nenda naye. Usimwachie mizigo getini ukageuka. Ingieni kikanisani wote wawili, msali, mwulize mlezi wa wanafunzi jina lake na saa za Misa, hasa ya jioni. Mwachie namba yako. Muulize binti ni jambo gani moja atakaloshikilia, na asikutajie matano, maana hayo matano hayatafika Desemba. Naye asijione amesaliti kitu akikaa karibu na binti Mwislamu au kijana asiyeamini wakasaidiana insha; Danieli alisoma na Wakaldayo.

Mama akaniuliza, "Na akiacha?" Sikuwa na jibu zaidi ya lile la Mfilipino.

Ya kuzungumza katika jumuiya wiki hii. Katika nyumba zetu, ni nani kati ya vijana walio vyuoni sasa tunayemjua kwa jina, chuo, na siku yake ya mapumziko? Wazazi: swali la mwisho la imani mtoto wako alilokuuliza lilikuwa lipi, na ulimjibu nini? Vijana: kama mngepewa siku kumi kama Danieli, mngeomba kushikilia nini? Na kiongozi wa kila jumuiya alete orodha ya wanafunzi wake kabla ya Septemba, na awe amekwisha kupata nyumba mbili zilizo tayari kumpikia mwanafunzi Jumapili moja kwa mwezi. Yangu iandikeni ya kwanza, ila si wiki ninazofanya zamu za usiku.